Enjinia Aliyekataa Kusimama Chini ya Zege

Saa moja asubuhi, Jumatano tarehe 12 Juni 1996, nguzo arobaini na sita za muda, za miti, bado zinashikilia zege bichi la ghorofa ya kwanza ya duka linalojengwa Old Town, Lilongwe. Télesphore Gakiza anazigonga moja moja kwa ngumi, kisha anatoka nje na kukunja mikono.

"Leo hazitoki," anamwambia meneja wa ujenzi.

Zege hilo lilimwagwa siku tisa zilizopita. Gakiza, mwenye miaka arobaini na mmoja, alikuwa mhandisi wa majengo Bujumbura hadi vita vya 1993. Mkewe, Annonciata, na watoto wao wanne wako kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mjini hapa Gakiza si mhandisi. Ni msimamizi wa vibarua, kwacha thelathini kwa siku, na saini yake haihitajiki kwenye karatasi yoyote.

"Kwa baridi hii zege linashika polepole," anaeleza. "Niliomba siku ishirini na nane kabla ya kuzitoa nguzo. Nikaambiwa mwenye duka anataka kuingiza mali wiki ijayo."

Mwenye uamuzi ni meneja, Mmalawi aliyejifunza Kiswahili akifanya kazi Mbeya. Lakini Gakiza alikuja na desturi yake: aliyepanga nguzo husimama chini ya zege wakati nguzo ya kwanza inatolewa. Amefanya hivyo kwenye majengo mawili mjini, na vibarua wamezoea.

"Simama dakika mbili tu, bwana," meneja anamwambia. "Wakikuona wewe, wataingia."

"Ndiyo maana sisimami."

"Enjinia wa kambini. Kibali cha kulala mjini unacho?"

Gakiza hana.

Meneja anamgeukia Cirhuza, seremala kutoka Bukavu. "Wewe, chukua nyundo."

"Patron, mi niko na bibi na batoto batatu. Enjinia anakataa kuingia, mi naenda kutafuta nini mule? Tangulia, mi nitakufuata."

Vibarua wanacheka. Meneja hacheki, wala haingii.

Kabla ya saa nne Gakiza alikuwa amefukuzwa kazi. Jioni hiyo alifika Dzaleka na begi moja.

"Vibarua wale hawasomi mahesabu yangu, wananisoma mimi," anasema. "Ningesimama pale, hata kama zege lingehimili, ningekuwa nimewadanganya."

Annonciata, anayeshona nguo sokoni kambini, hakubaliani na sifa anazoletewa na majirani. "Wananiambia mume wangu shujaa. Shujaa huyo sasa anakula mahindi ya mgao kama sisi." Alipoulizwa kama angetaka mumewe asimame chini ya zege lile, alikata uzi kwa meno kwanza. "Hapana. Ningekwenda kumvuta mwenyewe kwa shati."

Diploma ya Gakiza imeandikwa kwa Kifaransa. Anatafuta mtu wa kuitafsiri, kisha apeleke ombi la kusajiliwa kama mhandisi nchini Malawi. "Siku nyingine nikisema hapana," anasema, "niiandike, niweke saini."

Alhamisi, siku iliyofuata, meneja alileta vibarua wapya kutoka Madisi. Cirhuza, ambaye naye alikuwa ameachishwa kazi, aliwasubiri getini na kuwasimulia ya jana. Waliuliza nani atatangulia. Hakupatikana mtu, wakarudi kwao.

Jumatatu tarehe 1 Julai, siku ya ishirini na nane tangu zege limwagwe, nguzo zote zilitolewa. Zege halikupasuka, na hakuna aliyeumia. Gakiza hakuitwa.