Koti la Ajenti

Barua ya bodi ya mikopo ilimkuta mume wangu, Osborn, akinywa chai. Akaisoma, akanipa, na chai ikapoa palepale. Maximilla, mtoto wa dada yake, alikuwa ameacha kulipa mkopo wa chuo kikuu, na Osborn ndiye mdhamini. Maximilla asipolipa, Osborn angekatwa mshahara wake wa ualimu, na mshahara huo ndio karo ya binti yetu Barbara, aliyekuwa anajiunga na chuo cha uuguzi Jumatatu.

Nilipandwa na hasira, we! Kila Jumapili msichana huyu alikuja kanisani na koti lake la manjano la maajenti wa forodha. Alipopandishwa cheo alijisifu kwamba ameomba bodi imkate zaidi, amalize mapema. Sasa imekuwaje?

Nikaenda mpakani nimwaibishe mbele ya wenzake. Ofisini kwao wakaniambia kampuni ilipunguza watu tangu mwaka jana, naye alikuwa mmoja wao. Wakanielekeza sokoni upande wa Uganda. Nikavuka.

Nilimkuta ameinamia gunia la omena, wale dagaa wa ziwani, anatoa mchanga, koti lilelile mgongoni. Nikamuuliza kwa nini hakuiambia bodi kwamba kipato kimeshuka, wampunguzie. Akasema aliona haya. Mjomba humtaja kila mahali kuwa ajenti. Alizidi kulipa kiwango cha zamani kwa pesa za samaki mpaka zikaisha.

“Haya zako ndizo zitamkosesha Barbara chuo?” nikamwambia.

Nikamshika mkono hadi saiba, kwenye kompyuta za kukodi. Kwenye fomu ya bodi ya kuomba kupunguziwa malipo, penye kazi, vidole vyake vikaandika ajenti wa forodha.

“Futa,” nikasema. “Andika unauza omena.”

“Anti, mjomba atajua.”

“Na ajue.”

Akafuta huku machozi yakimtoka. Fomu ikauliza malipo yalikatika lini. Akasema bila kunitazama:

“Mwezi wa harambee ya kumchangia Barbara aende chuo. Mjomba aliniita wa kwanza, mbele ya watu wote. Nilitoa mtaji wangu wa omena.”

Noti zile nilizipokea mimi, kwa mikono miwili. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumamosi bodi ikajibu: atalipa kidogo, kulingana na anachopata sasa, na Osborn hatakatwa. Jumatatu, kabla ya kwenda chuoni, nilimvusha Barbara mpaka sokoni, na sanduku lake, akamshukuru Maximilla.