Barua za Mtoto wa Memsabu

Kiingereza nilijifunza kwa miguu. Mwalimu wetu wa shule ya kanisa, huko upande wa Kiplombe, alikuwa na njia moja tu ya kufundisha, nayo ilikuwa kututembeza. Ukitaka kusema kwa Kiingereza kwamba unaenda mlangoni, sharti uende mlangoni. Ukisema unafungua dirisha, fungua dirisha. Kwa kuwa nyumba ile ya udongo ilikuwa na tundu tu ukutani, tulifungua hewa kwa mikono miwili na kuifunga tena. Darasa zima lilienda mlangoni, likarudi, likaketi, likasimama, huku tukipaza sauti kiasi kwamba wapita njia walidhani tunafukuza nyuki. Niliipenda sana njia hiyo kwa sababu sikuwa mtoto wa kutulia. Hata leo, baada ya kuifundisha lugha hiyo mpaka nikastaafu, nikiulizwa Kiingereza cha mlango huwa nageuza shingo kuutafuta.

Nyumbani tulisema Kilogoli. Kwa majirani tulisema Kinandi kidogo, cha kuombea moto na chumvi. Shambani kilikuwa Kiswahili, na Kaburu mwenye shamba alipokasirika alitukana kwa Kiafrikana. Kiingereza hakikuwa cha mtu yeyote niliyemjua. Nilikitaka kwa sababu kilikuwa njia ya kutoka pale. Kulikuwa na shule ya bweni ya wasichana ya wamisheni, mbali upande wa magharibi, na Mwalimu alisema nitafaulu mtihani wa kuingia nikiacha mchezo. Shida ilikuwa baba. Alikuwa ameweka kidole gumba kwenye mkataba wa kazi wa Kaburu yule, tuliyemwita Bwana, na mkataba huo ulitubeba sote nyumbani. Sisi watoto tulikuwa mikono ya kupalilia mahindi na kufukuza ndege kwenye ngano. Bila karatasi ya ruhusa yenye sahihi ya Bwana, mtoto wa mfanyakazi hakwenda kukaa kwingine, na ile shule isingempokea. Ungeweza kufaulu utakavyo, kama huna karatasi ungebaki na ndege wako.

Nilikuwa na miaka kumi na minne siku mama, ambaye alikuwa akifua nguo kwenye nyumba kubwa, aliporudi na kuniambia, "Kesho uoge vizuri. Memsabu anakutaka."

Memsabu alikuwa mke wa Bwana, mwanamke mnene mwenye unga mikononi kutwa nzima, na sikuwahi kumsikia akituambia neno lisilohusu kazi. Nilimkuta jikoni.

"Wewe najua soma Kiingereza?"

"Ndiyo, memsabu."

"Kaa hapa."

Nikakaa kwenye kiti. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kukaa kwenye kiti cha jiko lile, na nilikaa pembeni pembeni, tayari kuruka. Akaniwekea mbele mkebe wa biskuti uliojaa barua.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, mvulana wa rika langu, na mwaka ule walikuwa wamempeleka kwenye shule ya bweni ya watoto wa Wazungu huko Sisibo, ndivyo tulivyouita mji wa Eldoret. Sheria ya huko ilikuwa Kiingereza, iwe darasani, mezani au kitandani. Hata barua za Jumapili za kwenda nyumbani ziliandikwa kwa Kiingereza, na mwalimu alizisoma kabla hazijapelekwa posta. Memsabu alijua kusoma lugha yake tu, katika Biblia na kitabu cha nyimbo. Bwana alikijua Kiingereza cha kuuzia ngano, lakini Waingereza walikuwa wamelichoma shamba la baba yake katika vita vya kule Afrika Kusini. Alikuwa ameapa kwamba lugha hiyo haitasomwa ndani ya nyumba yake. Kwa hiyo barua zilifika, zikafunguliwa, zikaangaliwa, zikatiwa kwenye mkebe.

Nilipoelewa hayo, nasema kweli, nilifurahi. Kwetu shuleni ukisema Kilogoli ulisafisha choo. Sasa juu kabisa ya mkebe palikuwa na barua ya mkuu wa shule yao iliyosema kwamba mtoto wa Kaburu amenyimwa kucheza mpira kwa kusema lugha ya mama yake. Nilicheka moyoni mpaka mbavu zikaniuma. Kisha nikachukua barua ya mtoto mwenyewe.

Alisema ni mzima. Alisema chakula ni kizuri, analala kwenye kitanda, na nje ya dirisha kuna mti. Basi. Nilizijua sentensi hizo kama ninavyojua vidole vyangu, kwa sababu zilikuwa zangu. Ni Kiingereza cha mtu anayeweza kusema kile anachokiona tu, na mvulana yule alikuwa nyuma yangu kwa mbali. Nikamgeuzia mama yake kwa Kiswahili.

"Halafu?" akauliza.

"Imeisha, memsabu."

"Imekwisha?"

Akaitazama karatasi. Akajipangusa mikono kwenye aproni, akaipangusa tena ingawa ilikuwa safi. Mimi nina hasira za karibu, watoto wangu watakwambia, lakini siwezi kumwona mtu amesimama namna ile. Nikainamia barua tena.

"Samahani, nimeruka hapa chini. Anasema anakukumbuka sana. Anasema akifumba macho anakusikia ukikanda mkate."

Memsabu akaketi. Akacheka huku amejiziba mdomo kwa aproni, kisha akanikatia kipande cha mkate na kukipaka jemu upande mmoja, akafikiri, akapaka na upande wa pili.

Kuanzia hapo niliitwa kila wiki barua ilipofika, Bwana akiwa shambani, na nikawa fundi. Mama alikuwa akinisimulia mambo ya nyumba kubwa bila kujua ninayatumia wapi, na mimi niliyatia kwenye barua. Mtoto aliulizia kikohozi cha mama yake. Aliulizia ng'ombe aliyevunjika pembe. Alisema wimbo wa asubuhi wa mama yake anauimba kimoyomoyo ili asiadhibiwe. Nilikuwa najisifu kwa kazi hiyo, maana yule mtoto niliyemtunga alikuwa na adabu kuliko watoto wote wa Sisibo.

Mwezi wa nane habari zikaja kwamba nimefaulu. Shule ingefunguliwa Januari. Mwalimu alivaa koti lake la Jumapili, akaja mwenyewe kuomba karatasi, kofia mkononi. Bwana hakuwa na maneno mengi.

"Hapana. Memsabu nataka yeye. Huyu iko kazi ya nyumba sasa."

Nilipewa aproni nyeupe. Mama alifurahi kidogo, kwa sababu kazi ya ndani haina mvua wala jua, na furaha yake iliniumiza zaidi ya jibu la Bwana. Nililia nyuma ya ghala la mahindi mpaka pua ikaziba. Nilimchukia Memsabu, nikamchukia na mtoto wake. Lakini niliyemchukia hasa ni mimi mwenyewe, maana kama ningemsomea zile barua kavu zilivyokuwa, angenichoka kabla ya miezi miwili kwisha.

Nikamweleza Mwalimu nusu ya mambo, kwamba memsabu hajui kusoma barua za mtoto wake na ndiyo maana ananing'ang'ania. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali rahisi.

"Mfundishe asome. Akishajua, atakutakia nini?"

Nusu ambayo sikumwambia ndiyo iliyonikosesha usingizi. Siku ambayo Memsabu angejua kusoma ndiyo ningekuwa huru, na siku hiyohiyo angejua nimemdanganya. Kaburu aliyeudhika hakuhitaji mahakama. Nilikuwa nimeziona familia zikishuka kwenye barabara ya mji na vyungu vyao na kuku wamefungwa miguu, na baba yangu hakuwa na shamba la kurudia kwetu Maragoli. Niliwaza siku tatu. Siku ya nne nikaingia jikoni, nikamwambia ninaweza kumfundisha.

Alicheka. Kisha akatazama mlango wa sebuleni, akausukuma ukafungika.

Nilimfundisha kwa njia niliyoijua. Memsabu mzima, na mwili ule, alikwenda mlangoni akisema anakwenda mlangoni. Alifungua dirisha, na lao lilikuwa dirisha la kweli. Alinyanyua sufuria akasema ananyanyua sufuria, akacheka mpaka akaishikilia meza. Siku moja Bwana alitukuta katikati ya safari ya mlangoni. Alisimama, akatutazama mmoja mmoja, akaenda zake bila neno. Herufi alikuwa anazijua kutoka kwenye Biblia yake, kwa hiyo hakuchelewa. Kufikia Novemba alikuwa anasoma pakiti ya majani ya chai kwa sauti. Nilimwonea fahari kama mwanafunzi wangu, na papo hapo nikautupia jicho ule mkebe wa barua.

Barua ya mwisho ya mwaka ilifika wiki moja kabla ya shule zao kufungwa. Nilinyoosha mkono kuichukua kama kawaida.

"Hapana," akasema. "Mimi nasoma."

Akasoma na kidole, midomo ikitembea. Alipofika mwisho akageuza karatasi akatazama nyuma. Akaigeuza tena.

"Hapa iko wapi?"

"Nini, memsabu?"

"Ile ya kukumbuka. Ile ya mkate. Mimi natafuta, hapana ona."

Akaleta ule mkebe, akamwaga barua zote mezani kwenye unga, akaanza kuzisoma moja moja. Maziwa yalichemka yakamwagikia jiko, na hakuna kati yetu aliyeinuka. Alipomaliza ile ya chini kabisa aliinua macho.

"Hapana iko. Hata moja."

"Hapana, memsabu. Nilitunga mimi."

"Yote?"

"Yote."

"Kwa nini wewe nafanya hivyo?"

Nilikuwa nimejitayarishia majibu tangu mwezi wa tisa, mazuri mazuri, ya kuombea msamaha. Sikulitumia hata moja.

"Ulikuwa unaitazama karatasi sana," nikasema.

Akazirudisha barua kwenye mkebe moja moja, ile mpya akaiacha mezani. Halafu akaenda mlangoni akamwita Bwana, na mimi nikajua ni kwaheri, nikaanza kuhesabu akilini vitu vya nyumbani kwetu vya kubeba. Bwana akaingia na matope ya zizi. Walisemezana kwa lugha yao. Neno la shule nililidaka, kwa sababu linafanana na la Kiingereza, na lile la karatasi. Bwana akanitazama, kisha akamgeukia mke wake na kumwuliza kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

"Na barua nani nasoma?"

"Mimi," akasema Memsabu.

Kumbe Bwana alijua habari za barua muda wote. Sijui ni nini kilichopita kati yao hapo. Bwana aliondoka, akarudi na kalamu na karatasi, akaandika kwa kusimama, akatia sahihi, akaitupa mezani na kutoka. Memsabu akaiokota. Nikanyoosha mikono yote miwili kuipokea.

Hakunipa. Alisukuma mbele yangu barua ya mtoto wake.

"Soma."

"Memsabu, sasa unajua kusoma."

"Soma kama ile siku ingine."

Nikasoma. Mtoto alikuwa mzima, chakula kilikuwa kizuri, shule itafungwa Jumamosi. Karatasi iliishia hapo. Mimi nikaendelea. Nikasema anahesabu siku. Nikasema akifika atakaa kwenye kiti hiki, atamweleza mama yake mambo yote kwa lugha yao wenyewe, na kwamba hajasahau hata neno moja. Memsabu alisikiliza akiutazama mdomo wangu. Nilipomaliza alinitia karatasi ya ruhusa mkononi, akanifumba vidole juu yake, na hakuniuliza maneno yale yameandikwa wapi.