Kupe Walionitoa Mapera

Kazi yangu kwenye maabara ya magonjwa ya mifugo ilikuwa kulea kupe. Tuliwafungia kupe wachanga kwenye mfuko wa kitambaa uliobandikwa kwa gundi sikioni mwa ndama mwenye ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, wanyonye mpaka washibe na kudondoka. Kisha niliwaweka kwenye chupa zilizozibwa kwa pamba, penye unyevu, wajivue ngozi wawe wakubwa. Hata hapo kijidudu cha ugonjwa kinakuwa hakijaiva. Huiva kupe mkubwa akianza kunyonya tena, ndiyo maana tuliwapandisha kwanza masikioni mwa sungura, ndipo tukawapasua na kutoa tezi za mate. Ukizitia rangi na kuzitazama kwa hadubini, chembe zenye ugonjwa unaziona zimevimba, zambarau tupu.

Mume wangu, mwalimu wa baiolojia, alipenda nimsimulie hayo. Mkataba wangu ulipokwisha tulihamia kijijini kwao Mapera, mimi Mnyasa wa Mbamba Bay katikati ya Wamatengo, nikawa nachuma kahawa na wifi zangu.

Mama mkwe alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Masika yale ng'ombe alisusa majani, tezi zikamvimba chini ya masikio.

"Mama, hii ni ndigana," nilimwambia. "Tumwite daktari wa mifugo leo hii."

Akasema tusubiri kidogo. Daktari alipokuja kuitwa, ng'ombe alikuwa anatoka povu puani. Akafa.

Jioni walikaa wakizungumza Kimatengo. Halafu wifi mkubwa akageukia Kiswahili, ili nisikie vizuri.

"Huyu katuletea kupe wake wa kule maabara."

"Wifi, mizigo yangu ulinisaidia kuifungua wewe mwenyewe. Kupe wako kwenye majani ya bondeni, tunakochunga pamoja na ng'ombe za watu wengine."

Mama mkwe akaniuliza taratibu, "Sasa wewe ulijuaje ugonjwa kabla ya sisi wote?"

Nilimtazama mume wangu. Maisha ya kupe alikuwa akiyachora ubaoni kila mwaka. Akainama kwenye simu yake.

"Mambo ya wazee," aliniambia chumbani. "Yatapita."

Hayakupita. Ugali nilioupika ulirudi jikoni haujaguswa. Shikamoo yangu haikuitikiwa tena. Mwishowe mume wangu akasema nikapumzike kwetu mpaka mama atulie. Alinibebea begi hadi stendi. Hakunifuata.

Mwaka jana alishuka Mbamba Bay kwa shughuli za shule, akanikuta naanika usipa, dagaa wa ziwani, ufukweni. Akanipa habari za nyumbani: mama amepata ng'ombe mwingine, na sasa wanamwogesha dawa ya kupe kila wiki.

"Nani aliwaambia wamwogeshe?"

"Mimi. Niliwaeleza kupe wanavyoambukiza, kama ulivyonisimulia."

"Wakabisha?"

"Hapana. Walinielewa siku hiyo hiyo."

Alisema hivyo akitabasamu, kama mtu anayeleta habari njema. Nikamwomba asogee, alikuwa anazuia jua kwenye samaki wangu.