Mota ya Mama Jirani na Unga wa Kilio

Niliporudi Lubumbashi na diploma yangu ya umeme, niliyoisomea Johannesburg huku nikifanya kazi bila kusaidiwa na mtu, nilipanga chumba katika mtaa wa Hewa Bora, ukuta kwa ukuta na mashine ya kusaga mahindi ya mama mmoja mjane. Mota yake ya kwanza ilikwisha kuungua. Hii ilikuwa ya pili, na nyuma yake hakukuwa na nyingine. Ikifa, mashine ingefungwa.

Alasiri moja niliisikia ikinguruma kwa uzito, kama mtu anayepanda mlima na gunia mgongoni. Sikio langu halikosei katika mambo haya. Nikatoka mbio na kipimo changu cha umeme. Mama alikuwa ameifunika mota kwa kitambaa chenye maji, kama wafanyavyo wenye mashine wengi huku kwetu, utadhani ina homa.

“Mama, zima!”

“Nizime namna gani? Hii ni unga ya kilio.” Akaonyesha wanawake waliokaa juu ya magunia. Jirani yao alikuwa amefiwa, na watu waliojaa uani walikuwa wakingojea bukari, ugali wa kwetu. “Unga ya kilio habakatalake, hakuna mwenye kuikataa. Ao diploma yako ndiyo itasaga?”

Wanawake wakacheka. Sikujali, diploma yangu imezoea kuonewa wivu.

Nikapima: volti mia tatu na kumi, mahali pa mia tatu themanini. Nikamweleza kwamba volti ndizo zinazosukuma. Zikipungua, mahindi hayawi mepesi. Mota huvuta mkondo mwingi zaidi ili imalize kazi ileile, na mkondo huo hugeuka moto ndani ya nyaya. Kitambaa kinapoza ngozi tu. Shaba inaungua tumboni.

Akazima. Akasimama akiwatazama wanawake, kisha mota. Nilimwonea huruma sana.

Mimi huwaza haraka. Saa ile kila nyumba ilikuwa imewasha réchaud, jiko la umeme, na wote tulinywa kwenye waya mmoja. Nikawaambia wanawake wagonge milango, waombe majiko yazimwe kwa muda.

“Nizime réchaud?” alifoka jirani wa kwanza. “Bwana yangu akule diploma ya huyu papa?”

“Ni unga ya kilio, mama,” akasema mmoja wa wanawake.

Akaingia ndani, akazima, kisha akatoka mwenyewe kwenda kumgongea wa pili.

Nilibaki na kipimo mkononi nikitangaza volti kwa sauti, kama mtangazaji wa mpira. Zilipokaribia mia tatu sabini, nikamwambia mama awashe na amwage mahindi kidogo kidogo. Mota ikashika mwendo, mlio ukawa laini, na amperi za mkondo zikatulia mahali pake. Nikamkazia macho kila alipotaka kuharakisha.

Gunia la mwisho lilipobebwa kwenda kilioni, mama aliweka kiganja juu ya mota.

“Iko na joto,” akasema, “lakini haichome.”

Na hakuutoa mkono.