Kasala Ndani ya Simu Iliyoganda

Simu ya dada yangu mkubwa iliganda siku moja kabla ya kuondoa matanga yake. Ninasema iliganda, wala sisemi ilikufa. Binti yake, aliyeniletea, alitumia neno hilo la pili, na ilinibidi kumsahihisha kabla hajaketi.

— Mujomba, telefone ya mama imekufa.

— Haiyakufa. Angalia, mwangaza iko. Imesimama.

Picha ilionekana kwenye kioo, na saa pia. Lakini saa hiyo ilikuwa nyuma ya saa yangu ya mkononi, na haikusogea tulipoitazama. Kugusa kwa kidole hakukuleta jibu lolote.

Ndani ya simu hiyo mlikuwa na kasala ya ukoo wetu. Kwetu sisi ambao wazazi wetu walitoka Kasai, kasala ni utenzi wa sifa unaotaja majina ya waliotutangulia, na husemwa mbele ya watu kwenye msiba na kwenye furaha. Dada alikuwa wa mwisho katika familia aliyeijua yote. Mimi najua vipande, tena kwa mpangilio ninaoutilia shaka. Watoto waliozaliwa hapa Lubumbashi wanajua majina mawili matatu. Binti yake alikuwa amemrekodi kabla ugonjwa haujamnyima pumzi, na familia ilikubaliana kwamba sauti hiyo ndiyo itakayosikika siku ya matanga. Nakala nyingine haikuwapo. Nilikuwa nimeuliza.

Nilifanya kazi maisha yangu yote katika maabara ya mgodi, nikipima shaba iliyomo ndani ya mawe. Huko, anayetafuta sababu hubadilisha kitu kimoja tu, kisha hutazama. Akibadilisha viwili kwa pamoja, hatajua ni kipi kilicholeta matokeo.

Lakini binti alikuwa amekwisha kukusanya ushauri njiani, kutoka kwake hadi kwangu, mtaa wa Makomeno. Mmoja alimwambia aizike simu ndani ya mchele, ingawa haikuwa imeloa. Mwingine alimwambia aiweke kwenye friji. Shangazi yake wa upande wa baba aliongeza kwamba marehemu mwenyewe ndiye anayeizuia sauti yake.

— Bamesema mama anakataa.

— Nani alimusikia?

— Mujomba, bantu banasema tu.

— Basi wacha baseme. Vuta kiti. Leo asubuhi, mbele isimame, ulifanya nini nayo?

Alikuwa ametoa kadi ya kumbukumbu na kuipeleka kwenye kibanda cha nyimbo, pale wanapojaza muziki kutoka kwenye kompyuta, ili atiliwe nyimbo za kwaya kwa ajili ya matanga. Nyimbo zilikuwa bado zinaingia umeme ulipokatika. Alirudisha kadi ndani ya simu, na tangu hapo taabu ikaanza.

Wakati huo aliingia jirani yangu, mama anayeleta simu kutoka Mokambo, mpakani, na kuziuza sokoni. Haitwi; huja.

— Papa, hii kazi ni ya dakika. Toa carte, halafu formater telefone yote, futa vyote. Itakuwa mupya.

— Na sauti?

— Sauti iko mu carte. Vitu vyote vinaingiaka mu carte.

— Uliiona mule?

— Haina mambo ya kuona. Ni vile inakuwaka.

Binti alitikisa kichwa kukubali. Hata aliyewauzia simu hiyo aliwaambia vivyo hivyo.

— Mama, miye siformater kitu juu ya "ni vile inakuwaka".

— Ee, Papa! Na kanisani, unaombaka Mungu preuve, akuonyeshe kwanza?

— Mungu, hakuna mwenye aliniambia nimuformater.

Alicheka mpaka akaegemea mlango, lakini hakuondoka.

Nilibonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na kile cha kupunguzia sauti, nikashikilia mpaka kioo kikawa cheusi. Simu ikajiwasha upya, ikafanya kazi kidogo, ikaganda tena. Nikaizima kwa njia ileile, nikatoa laini peke yake. Ikaganda. Nikairudisha laini, nikatoa kadi peke yake. Safari hii simu iliamka, na saa yake ikaanza kutembea. Tuliisubiri, haikuganda.

Kwa hiyo ubovu ulikuwa kwenye kadi. Binti aliitazama pale mezani, akaanza kulia, kwa maana kila mtu alikuwa amemwambia kwamba mama yake yumo humo.

— Sasa formater, alisema jirani. Carte iko pembeni, hakuna kitu itapotea.

— Kwanza tuangalie.

Nilifungua mahali pa kurekodia sauti, kadi ikiwa bado mezani. Palikuwa na rekodi moja. Nikaibonyeza. Kikasikika kikohozi, kisha sauti ya dada yangu ikiuliza:

— Inashika?

— Inashika, mama. Anza tu.

Akaanza. Jirani aliketi bila kuambiwa.

— Kumbe iko mu telefone yenyewe, alisema kwa sauti ya chini. Na miye nilisema tufute.

Nilikuwa nasikiliza. Dada alishuka jina kwa jina, na mara mbili alinionyesha kwamba mpangilio wangu ulikuwa na makosa. Alifika kwa babu, akafika kwa baba, kisha akaniita mimi. Kwetu, anayeitwa ndani ya kasala huitika. Nilisimama, nikaitika.

Iliponyamaza, binti alipangusa uso na kunyoosha mkono.

— Mujomba, turudilie.

— Kwanza tuicopier.

Jirani alikuwa amekwisha kutoa simu yake mkobani. Tulinakili kwenye yake, kisha kwenye yangu, na nikazisikiliza nakala zote mbili mpaka mwisho kabla ya kumrudishia binti simu ya mama yake.