Namba Nane Aliyeitwa Kila Jumamosi

Umma wa wapenda soka unatangaziwa, kwa masikitiko na kwa heshima zote zinazoistahili klabu ya daraja la tatu isiyo na choo cha wageni, kwamba kiungo bora kuliko wote tuliowahi kuwa nao alifariki dunia katikati ya msimu, akazikwa vizuri, na Jumamosi iliyofuata akacheza dakika zote tisini. Walioshuhudia walimpa alama za juu. Kinyozi wetu, ambaye hajawahi kumsifu mtu aliye hai, alisema marehemu aligawa mpira kama mjomba anayegawa pipi.

Aliyesababisha haya ni kaka yake, fundi redio. Fundi ni mtu wa maneno machache, na ndiyo maana watu walicheka siku ya kwanza walipomwona nyuma ya kipaza sauti. Hakuchaguliwa na mtu. Kipaza sauti, amplifaya na ile spika kubwa yenye kifua kilichopasuka vilikuwa mali yake, na hakumruhusu mtu mwingine avishike. Kila Jumamosi alivibeba hadi kwenye meza kando ya uwanja, akaunganisha nyaya, akapuliza mara moja, akataja kikosi kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya misumari. Hakusoma popote. Kikosi chetu kilikuwa hakibadiliki, maana hatukuwa na mtu wa kubadilisha, na Fundi alikuwa amekihifadhi kichwani kama mtoto anavyohifadhi jedwali la kuzidisha.

Mdogo wake tulimwita Uzi. Alipitisha mpira katikati ya miguu ya watu kama anayetunga sindano, na hakupiga kelele uwanjani. Neno lake lilikuwa moja tu, alilomwambia mwenzake mwenye mpira, tena kwa sauti ya chini: "Geuka." Mwenzake akigeuka, alikuta nafasi ambayo hakuijua.

Homa ilimchukua ndani ya wiki, kati ya mechi na mechi. Jumamosi Fundi alikuja uwanjani kwa sababu nyumbani kulijaa wageni wa msiba na hakujua akae wapi. Akataja kipa. Akataja mabeki. Ulimi ukaendelea wenyewe, kama ng'ombe anayejua njia ya zizini:

"Namba nane, Uzi."

Uwanja ukanyamaza hata tukasikia spika ikikoroma. Fundi alibaki mdomo wazi. Maji yalikwisha kumwagika. Ndipo Mama Refa, muuza mitumba aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna refa ambaye yeye hajamtukana, alisimama na machozi yake, akaita: "Yupo!" Nasi wote, bila kupanga, tukaitikia: "Yupo!"

Jezi namba nane ilikuwa mwilini mwa mgeni, kijana aliyesajiliwa haraka siku ile ile ya mazishi. Tulimwita Bati, kwa kuwa siku nyingine zote alikuwa juu ya mapaa ya watu akipigilia mabati. Mpira ulipigwa mahali pasipo na mtu, ukasimama, ukasubiri, mpaka Bati akaufikia. Wenye akili walisema pale pana shimo. Lakini pasi ya pili ilisubiri upande mwingine kabisa, na ya tatu kwingine. Tulishinda, sisi ambao tulikuwa tumesahau namna ya kushangilia, hata wengine walikumbatiana vibaya wakaumizana.

Tangu hapo ikawa sheria. Fundi hakuulizwa. Kila Jumamosi aliita, uwanja ukaitikia, na mtu akacheza.

Na kila Jumatatu kibanda chake kiligeuka bunge. Katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo, Mwenyekiti wa mashabiki, muuza magodoro, alikalia kiti pekee kwa sababu ya cheo na uzito. Wengine walisimama.

"Tuwe wakweli," Kinyozi alianza. "Namba sita wetu ni kiungo mkabaji kwa jina tu. Anakaba kama mlango wa bafu usio na komeo."

"Na yule mrefu je?" aliuliza Mama Refa.

"Yule akipokea mpira anausalimia kwanza, anauuliza habari za nyumbani. Mpaka wamalizane, tumeshafungwa."

"Sasa katikati tunaye nani?"

"Uzi," alisema Mwenyekiti, kama anayemtaja mtu aliyetoka kununua sigara. "Jumamosi hakupoteza hata pasi moja."

"Na kadi hana," Kinyozi akaongeza.

"Kadi ataipataje, na refa hamwoni!" Mama Refa alicheka mpaka akashika mlango.

Bati alikuwa hapo hapo mlangoni, vumbi la kazi kichwani. "Shikamoo, Mwenyekiti. Ile pasi ya bao niliipiga mimi."

"Marahaba, mwanangu," Mwenyekiti alimjibu kwa huruma. "Ni kweli, mguu ulikuwa wako."

Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa akichomelea waya mwembamba, na mkono wake ulitulia kama wa mtu asiyesikia. Walipotawanyika, Bati alibaki.

"Kaka, mke wangu alikuja uwanjani. Jina langu hakulisikia. Sasa anadhani Jumamosi huwa nakwenda kwingine."

"Mwambie akuangalie."

"Aliniangalia. Anasema yule aliyekuwa anacheza si mimi." Bati alivuta pumzi. "Kuna jambo lingine. Nikipata mpira, kuna mtu nyuma yangu ananiambia, 'Geuka.' Nikigeuka, nafasi ipo. Mtu hayupo."

Fundi aliweka chini chuma cha kuchomelea. Bati hakuwahi kucheza na mdogo wake. Hakuwahi hata kumwona.

"Anasema kwa ukali?" aliuliza.

"Hapana. Kwa upole. Ndiyo maana naogopa."

Fundi aliishi na mama yake, nyuma ya ukuta wa uwanja. Kutoka mezani kwake aliweza kuona moshi wa jiko la uani. Enzi za uhai wake, kila Uzi alipotoka mchezoni na matope alikuta ndoo ya maji ya moto mlangoni pa bafu. Jumamosi ile mbaya, jina lilipovuka ukuta na uwanja ukajibu kuwa yupo, mama aliinuka kutoka katikati ya waombolezaji, akabandika maji. Mtu akiambiwa na uwanja mzima kwamba mwanawe yupo, afanye nini?

Fundi alirudi na spika begani, akaikuta ndoo inafuka. Mama alipokwenda jikoni, aliimwaga na kuirudisha mahali pake.

"Ameoga?" mama aliuliza.

"Ameoga, Mama."

Akawa anafanya hivyo kila Jumamosi. Uongo mdogo, kama kuziba spika kwa karatasi: haiponi, lakini inalia. Mpaka Jumamosi moja alirudi, akakuta ndoo tupu. Sakafu ya bafu ilikuwa imelowa. Sabuni ilikuwa na povu, na kwenye mdomo wa mfereji palinasa majani ya uwanjani. Mama alikuwa amelala chumbani tangu mchana, akiumwa mguu. Ndoo alibebewa na jirani.

Fundi alizoa yale majani kwa mkono, akayatupa mbali. Hakumuuliza jirani kitu. Jibu lolote lingemnyima usingizi.

Kisha tukaanza kufungwa. Mechi ya kwanza tukamlaumu refa, ya pili upepo. Ya tatu, aibu ikatuishia.

"Mimi nitasema ukweli," alisema Kinyozi Jumatatu hiyo. "Uzi siku hizi hakabi."

"Amevimba kichwa," Mama Refa aliunga mkono. "Mchezaji akishajua hana mpinzani, anakuwa hivyo. Mpira unampita, anautazama."

"Marehemu hasemwi vibaya," Mwenyekiti alionya.

"Marehemu asiyecheza! Huyu anacheza. Anayecheza anasemwa."

Mwenyekiti alilipima hilo, akaona lina mantiki. Jumamosi Fundi alipoita namba nane, "Yupo!" ilitoka nusu, na nusu nyingine ilikuwa miluzi. Kipindi cha pili, mpira ulipopotea katikati, jukwaa zima lilizomea jina lile: "Uziii! Uziii! Toka!"

Fundi alitazama upande wa ukuta. Moshi ulikuwa unapanda kama kawaida.

Asubuhi yake mama alikwenda kibandani, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Alifuta kiti kwa upindo wa kanga, akakaa.

"Wanamzomea mwanangu kwa nini?"

"Wamefungwa, Mama. Hasira tu."

"Alipokuwa mzima hakuzomewa. Sasa amekufa, anachoka, anarudi ameinamisha kichwa. Jana hata maji hakuyamaliza." Alikunja ule upindo wa kanga. "Mwambie aache mpira."

"Mimi nitamwambiaje?"

"Si wewe unayemwita? Nani mwingine anamwita? Mtu akiitwa na kaka yake mkubwa ataachaje kuja?"

Fundi alishika bisibisi, akaiacha, akaishika tena. Tangu msiba ule hakuwa amelia, na wala hakulia sasa. Kila Jumamosi, katika pumzi ile kati ya jina na kiitikio, mdogo wake alikuwa hajafa. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba aliisubiri pumzi hiyo wiki nzima.

"Nisipomwita hatakuja kuoga, Mama."

"Najua."

"Na maji?"

"Maji nitaoga mwenyewe. Nimechoka kubeba ndoo."

Ikafika mechi ya mwisho. Tukishinda tunabaki daraja la tatu. Vinginevyo tunashuka walikoshuka wazee wetu, ambako hata refa hucheza. Mwenyekiti alikuja mezani na koti la harusi.

"Fundi, ndugu yangu. Kamati imekaa. Tumemsamehe Uzi. Leo mwite kwa nguvu."

Fundi aliitikia kwa kichwa tu. Akapuliza kipaza sauti. Akataja kipa. Akataja mabeki. Sisi tukavuta pumzi, vifua vikajaa.

"Namba nane..."

Spika ikakoroma. Fundi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na midomo yake ilikuwa tayari imejikunja kutoa jina lile.

"Namba nane, Bati. Fundi wa mapaa."

Hakuna aliyejua la kuitika. "Yupo" zikatufia kooni, tukabaki tunatazamana kama watu waliobisha hodi nyumba si yao. Pale katikati Bati aliinua mkono nusu, akaushusha. Kwenye kona ya jukwaa mwanamke mmoja alipiga makofi peke yake. Alikuwa mkewe.

Mchezo ulikuwa mbaya. Bati alipopata mpira alitulia, shingo imekakamaa, akisubiri kuambiwa. Hakuambiwa. Wakamnyang'anya, na tena, na tena. Pasi zilizopigwa mahali patupu hazikusimama. Zilivingirika taratibu, zikavuka mstari, zikaendelea mpaka ukutani, na hakuna aliyekimbilia kuzifuata. Uwanja ulijaa watu, lakini palionekana papana mno. Karibu na mwisho Bati aligeuka mwenyewe, bila kuambiwa, akapiga pasi moja safi iliyozaa bao. Likawa la kufutia machozi. Tulikuwa tumeshafungwa mawili.

Nyuma ya ukuta hapakuwa na moshi.

Watu waliimiminikia meza. Mama Refa alikuwa analia, Kinyozi anatukana mabeki mmoja mmoja kwa majina ya mama zao. Bati alipita pembeni na jezi mkononi, akasema polepole, "Kaka, leo hakuniambia kitu," akaenda kwa mkewe. Fundi alikuwa anakunja waya kati ya kiwiko na kiganja, mzunguko juu ya mzunguko, bila haraka.

Mwenyekiti aliinua mikono, umati ukatulia.

"Fundi! Umeiua klabu. Umemfukuza kiungo ambaye kaburi lenyewe lilishindwa kumkaba. Kizazi hiki kitauliza, na kijacho kitauliza. Basi utuambie mbele ya mashahidi hawa, wewe mtu wa damu yake: Uzi wetu yuko wapi?"

Fundi alifunga fundo mwishoni mwa waya.

"Alikufa kwa homa," alisema. "Shika upande huo wa spika, ni nzito."