Ncha Nyingine ya Kamba

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, shahada ya elimu, na dharau ya kutosha kuigawia wilaya nzima. Baba yangu alikuwa karani wa serikali aliyehamishiwa Lodwar kwa sababu iliyowaleta makarani wengi huko: alimkosea mkubwa fulani kwetu Magharibi. Nilikulia katika adhabu ya mtu mwingine. Nilipomaliza chuo kikuu, katikati ya miaka ya tisini, nilirudi pale kwa kuwa Nairobi haikuwa na kazi ya kunipa. Sikurudi kwa mapenzi.

Shirika moja lenye ofisi Lodwar lilikuwa limefungua darasa Kakuma, ndani ya kambi ya wakimbizi. Lilikuwa la watoto walioshindikana katika shule nyingine: wasiosema, wanaouma wenzao, wanaojitikisa mchana kutwa, wanaokimbia. Nikakabidhiwa watoto saba, paa la mabati, kuta za turubai, mikeka miwili na kabati lisilofungika. Vifaa vilivyoahidiwa havikuja. Tuliokota vifuniko vya soda, tukafundishia rangi. Tuliokota mawe, tukafundishia kushika na kuachia. Katika ripoti, mawe hayo yaliitwa zana za kufundishia.

Mmoja wa wale saba alikuwa msichana wa miaka kama minane, kutoka kusini mwa Sudan. Hakuwa anasema neno. Hakuwa kiziwi, tulimpeleka Lodwar akapimwa masikio, yakaonekana mazima. Alikuwa anaondoka tu. Angekaa ametulia, macho yake kwenye mwanga unaopenya tundu la turubai, kisha angesimama na kwenda, bila hasira wala furaha, moja kwa moja, kana kwamba ameitwa. Hakuwa anageuka kwa jina lake. Hakuwa anaogopa gari, mbwa, wala jua.

Mama yake alikuwa anauza chai. Palikuwa na safu ya wanawake wanne au watano waliopanga majiko yao kwenye barabara ya soko la kambi, kila mmoja na birika lake na viti vya kukaa wateja. Msichana alikuwa anakaa katikati yao mchana, baada ya darasa, na kiunoni amefungwa kamba ya vitambaa vilivyosukwa, laini kama mkia wa nywele.

"Mwalimu, hii mtoto yangu iko na miguu tu," mama aliniambia siku ya kwanza, kwa Kiswahili chake cha kambini. "Masikio hapana. Nikigeuka hivi, amefika Uganda."

"Uganda ni karibu," akasema jirani yake, mwanamke mnene aliyekuwa anamcheka kila mtu. "Hiyo itafika Kongo, irudi na bwana."

Nilicheka nao. Kamba niliiona na sikuipenda, lakini nilinyamaza kwa sababu darasani mambo yalikuwa yanakwenda. Tulikuwa tumeanza mchezo wa kubadilishana: ukinipa kitu mkononi, nami nakupa unachotaka. Ilituchukua wiki nyingi za kumshika mkono, kuufungua, kuufunga. Kisha asubuhi moja aliinuka kwenye mkeka, nikajiandaa kumkimbilia. Hakwenda mlangoni. Alikuja kwangu, akaweka jiwe kiganjani mwangu, akatazama mtungi. Nikampa maji. Alikunywa, akaenda kuleta jiwe lingine. Mama yake nilipomwonyesha, siku iliyofuata, alikaa chini kwenye vumbi la mlangoni akatazama mpaka chai yake ikakauka jikoni kule sokoni.

Mwezi huo wakaja wageni wa shirika. Walitembezwa kambini, wakapita kwenye safu ya chai, na mmoja wao akapiga picha. Baada ya majuma machache niliitwa Lodwar. Msimamizi wangu, bwana wa makamo aliyependa kusema kwamba yuko Turkana kwa muda tu, na muda huo ulikuwa umefika mwaka wa sita, aliiweka picha mezani. Ilikuwa na msichana, kiuno chake, fundo la kamba, na kipande cha kamba kinachoishia ukingoni mwa picha.

"Mtoto wa mradi wetu," alisema. "Amefungwa kama mbwa. Unajua picha hii imefika wapi?"

Kulikuwa na fomu mpya. Swali la nne: mtoto anafungwa nyumbani? Ndiyo au la. Anayefungwa hana nafasi darasani hadi afunguliwe. Sikubishana. Mimi niliyewabishia mapadre kuhusu Mungu na wahadhiri kuhusu akili ya binadamu, niliyekuwa namwuliza baba yangu kila Krismasi kwa nini anachinjia sikukuu asiyoiamini, niliitazama ile picha na sikuiuliza hata swali moja. Kusema kweli nilifurahi. Hatimaye nilikuwa na karatasi ya kunisemea.

Nilimkuta mama anapuliza jiko.

"Mama, mtoto si mbuzi."

"Mbuzi sijafunga hata siku moja, mwalimu. Mbuzi inarudi yenyewe."

"Kamba inamdumaza. Hatajifunza kukaa kama hukumpa nafasi ya kukaa. Tutampangia ratiba, atazoea polepole."

"Hiyo ratiba iko na mikono?" aliuliza yule jirani, na safu nzima ikaangua kicheko.

Mama hakucheka. "Nikikataa?"

"Atapoteza nafasi."

Alimtazama mtoto wake kwa muda. Najua alikuwa anafikiria lile jiwe, kwa sababu nami nilikuwa nalifikiria, na nililitumia. Nilimwambia kwamba aliyejifunza kuomba maji atajifunza na mengine, lakini si akiwa amefungwa. Akapiga magoti, akafungua fundo. Lilikuwa limekazwa sana, alitumia meno.

Kwa siku tisa mama aliuza chai akiwa amesimama, kichwa kikizunguka kama cha ndege. Chai iliungua, wateja wakahamia kwa majirani. Siku ya kumi lori la kuni liliingia sokoni, watu wakalikimbilia, naye akageuka kidogo tu kuwaondolea birika njiani. Alipotazama nyuma, kiti kilikuwa kitupu.

Tulitafuta hadi giza, na tena alfajiri. Walinzi walisema hakupita getini, lakini kambi haikuwa na ukuta. Geti lilikuwa la magari. Tulishuka kwenye laga, mto ule mkavu, tukafuata nyayo za watoto, na nyayo za watoto pale ni nyingi kama mchanga wenyewe. Mama hakunilaumu. Alikuwa anatembea mbele yangu akiita jina ambalo sote wawili tulijua mwenyewe haligeukii.

Adhuhuri mwanamke wa Kiturkana, muuza makaa, aliingia sokoni na gunia kichwani. Nyuma yake alikuja msichana, midomo imepasuka, miguu imechanwa na miiba, kiunoni amefungwa mkanda wa ngozi. Ncha nyingine ya mkanda ilikuwa imefungwa kiunoni mwa yule mwanamke.

"Ejok," nilimsalimu kwa Kiturkana, kwa kukosa la kusema.

"Ejok-noi. Mtoto ya nani hii?" Alitua gunia. "Naona yeye kule mbali, nakwenda tu. Naita, hapana sikia. Nashika, nanipa mawe. Mimi nasema, labda nataka nunua makaa." Alicheka. "Mimi nakunywa maji, yeye naona, naleta mawe nyingine. Ndio najua, kumbe ni kiu." Kisha aliacha kucheka akatutazama mmoja mmoja. "Mtoto namna hii natembea bila kamba? Nyinyi hapana watu?"

Mama alikuwa ameshamkumbatia mtoto. Aliyenigeukia alikuwa yule jirani mnene, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Mwalimu, wewe siku zote unaangalia upande ya mtoto. Upande hii nyingine ya kamba ulikuwa unafikiri iko wapi?" Akanyoosha mkono wake wa kushoto. Kwenye kifundo ngozi ilikuwa imesuguka, ikang'aa. "Mama yake akienda maji, mimi. Mimi nikienda msalani, huyu. Huyu akienda, yule. Hakuna siku tulifunga kwa mti."

Nilikuwa nimepita pale karibu kila siku. Nilikuwa nimekunywa chai iliyomiminwa na mkono huo.

Jioni hiyo kamba ilirudi, nami nikaenda Lodwar kwa gari la shirika. Nilimweleza msimamizi yote: mikono ya zamu, muuza makaa, mawe yaliyookoa maisha. Nilimwambia mtoto huyu ndiye ushahidi pekee tulio nao kwamba darasa letu linafundisha kitu. Alinisikiliza vizuri, hilo simnyimi.

"Fomu inauliza kama anafungwa," alisema. "Haiulizi amefungwa kwa nani."

"Basi tuibadilishe."

"Andika barua," alisema. Niliandika. Sikujibiwa.

Nilimpelekea mama uamuzi: kamba au darasa. Alisema, "Darasa ni asubuhi, mwalimu. Mtoto ni siku nzima."

Fomu ya kumwondoa mtoto ilikuwa na sababu tatu za kuchagua: amehama, amefariki, mzazi hakutoa ushirikiano. Nilikaa nayo mchana mzima. Ningeweza kuandika pembeni. Ningeweza kukataa kuitia sahihi, nikapoteza kazi, nikarudi kukaa kwa baba yangu. Nilitia alama kwenye ya tatu, nikakandamiza kalamu sana ili ipenye kaboni hadi nakala ya chini.

Nafasi yake ilipata mwenyewe wiki ileile. Alikuwa mvulana wa sehemu nyingine ya kambi, anayejipiga kichwa. Habari za fomu yetu zilikuwa zimemtangulia. Tulipofika kumtembelea nyumbani, mama yake alitupokea kwa chai na tabasamu, mtoto amepakwa mafuta, ameketi mkekani, mikono mitupu. Ndani ya nyumba, penye kiza, kigingi kilikuwa kimechimbiwa ardhini, na shingo ya kigingi hicho ilikuwa imelika duara kwa kusuguliwa. Kamba haikuonekana.

Mama aliona ninapotazama, akaniongezea chai.

Swali la nne, niliandika: la.